Kunasa fosforasi ya majitaka: anza na namna utakavyoitoa

Fosforasi ikishashikwa na nyenzo (kitu kigumu kinachotiwa majini ili kuinasa), umesafisha maji tu. Ili useme umeirejesha, lazima itoke tena ikiwa katika hali inayoweza kutumika shambani. Kwa hiyo usichague nyenzo kwa kuangalia inavyonasa peke yake. Lanthanamu (aina ya metali) hushika fosfeti, yaani umbo la fosforasi lililo majini, kwa nguvu sana, na kwa sababu hiyohiyo ni vigumu kuibandua. Oksidi za chuma huachia vizuri zaidi kwenye myeyusho wa NaOH (hidroksidi ya sodiamu). Za alumini nazo huachia, ila NaOH ikiwa kali huiyeyusha nyenzo yenyewe.

Kwa myeyusho wa kuanzia, kausha KH2PO4 (chumvi ya fosfeti) kwa nyuzi 105 za Selsiasi, pima gramu 0.2197, uongeze maji yaliyotakaswa mpaka lita 1. Utapata mg 50 za P (fosforasi) kwa lita. Andika kila mara kama ni P au PO4 (fosfeti): mg 1 ya P ni sawa na mg 3.07 za PO4, na ukichanganya, uwezo wa nyenzo utaonekana mara tatu ya ulivyo. Vyombo visuuzwe kwa asidi ya HCl iliyozimuliwa. Hii ni kwa sababu baadhi ya sabuni zina fosfeti.

Sasa hesabu inayowapotosha wengi. Ukitia gramu 0.1 ya nyenzo kwenye mL 50 zenye mg 20 za P kwa lita, chupa nzima ina mg 1 tu ya P. Hata ikinaswa yote, jibu haliwezi kuzidi mg 10 kwa gramu. “Asilimia 99 imeondolewa” hapo inaeleza kiasi ulichotia, haielezi uwezo wa nyenzo. Ongeza viwango vya P hatua kwa hatua hadi maji yabaki na fosfeti ya kutosha mwishoni.

Weka chupa mbili za ulinganisho: moja yenye fosfeti bila nyenzo, nyingine yenye nyenzo kwenye maji matupu. Hii ya pili wengi huiruka, na ni kosa kubwa, kwani makaa ya mimea yana fosforasi yake na huivujisha.

Pima pH mwanzoni na mwishoni. Nyenzo yenye kalsiamu nyingi hupandisha pH, fosfeti ikaganda na kuzama kama chembe; huko si kunaswa juu ya uso. Kisha rudia kwa majitaka halisi, maana bikaboneti na mabaki ya viumbe hugombea nafasi zilezile.

Wakati wa kutoa, suuza nyenzo kidogo kwa maji, itikise kwenye NaOH ya mol 0.5 kwa lita, uchuje kwa kichujio cha mikromita 0.45. Sawazisha pH kabla ya kutia kitendanishi cha molibdeti (dawa ya kupimia fosfeti): NaOH iliyobaki hula asidi yake, na rangi ya buluu inayosomwa kwenye nanomita 880 haitokei ipasavyo. Linganisha mg zilizotoka na mg zilizoingia. Pungufu ikiwa kubwa, rudia kutoa kwa NaOH mpya kabla ya kuilaumu nyenzo.