Kujengewa pua kwa ngozi ya paji la uso: niliyoyapitia

Pole sana mkuu. Umesema saratani ya ngozi imekula ncha ya pua, na daktari anataka kukujengea kwa ngozi ya paji kwa hatua mbili, wakati wewe unataka ubandikwe ngozi mara moja umalize. Hata mimi nilianza kwa kuhesabu nitaingia chumba cha upasuaji mara ngapi. Nilikosea hesabu.

Yangu ilikuwa kasinoma ya seli basali, aina mojawapo ya saratani ya ngozi. Kipele kinang'aa, kinatoa damu, kinakauka, kinarudi. Waliitoa kwa njia ya Mohs: wanakata tabaka jembamba, wanapima kingo zote kwa hadubini wewe ukisubiri, wakikuta mabaki wanarudi kukata palepale tu. Nilirudishwa mara tatu. Kipele kisichozidi kifungo cha shati kiliacha shimo lililomeza karibu nusu ya ncha, pamoja na gegedu, ule mfupa laini wa pua.

Na hapo ndipo penye uamuzi: kina cha shimo. Ngozi ya kubandika, ambayo mara nyingi hutolewa karibu na sikio, haiji na mshipa wake wa damu. Inategemea kunyonya kutoka chini. Pasipo na nyama ya kuilisha itakufa, na hata ikishika unabaki na bonde la rangi nyingine. Ya paji inageuzwa na kushushwa ikiwa bado imeshikana na mzizi wake karibu na nyusi, damu inapita muda wote. Mimi waliniongezea gegedu la sikio ili tundu lisijifunge nikivuta pumzi. Mbinu yenyewe si majaribio, usiogope: mwaka 1794 jarida moja la London lilichapisha habari za mtu wa India aliyejengewa pua hivyohivyo.

Sikufichi, wiki tatu za kukaa na ule mkonga usoni, yaani kipande cha ngozi kilichoshikana paji na pua hadi kikatwe katika hatua ya pili, ni ngumu. Siku mbili za mwanzo unavuja damu pembeni, shuka zinachafuka. Miwani haikai. Nililala nimeinua kichwa, na kila nikigeuza jicho nauona. Kituko kilikuwa hiki: nikigusa ncha ya pua, nahisi nimegusa paji! Neva ilikuwa bado haijui imehama. Sehemu ya juu ya paji haikufungika, waliiacha wazi ijazie yenyewe kwa dawa ya kupaka; ilichukua wiki kadhaa, lakini kovu lake leo ni dogo kuliko nilivyohofia.

Kama unavuta sigara, acha sasa. Daktari wangu alikataa kunipa tarehe hadi nilipoacha, kwa sababu sigara inabana mishipa midogo na kipande kinaweza kufa.

Mkonga ulipokatwa nilidhani nimeharibiwa. Pua ilikuwa nene kama kidole gumba cha mguu, na ganzi tupu. Uvimbe ulishuka taratibu kwa karibu mwaka, nikarudi mara ya tatu kupunguzwa unene. Usiipigie pua yako picha mwezi wa kwanza.

Muulize daktari kama kingo zimethibitishwa kuwa safi kabla hajaanza kujenga. Muulize pia nywele zako zinaanzia wapi kwenye paji. Mimi zangu ziko chini, kwa hiyo nina nywele mbili zinazoota puani, nazing'oa kwa kibanio kila zikichungulia.