Maswali ya Wasomaji: Ubao wa Kati Uliokatika

SWALI: Nina boti ya tanga ya futi 14. Ubao wake wa kati, ule unaoteremshwa kupitia kisanduku ili boti isisukumwe kwenda demani, upande upepo unakoelekea, umekatika nikiwa nabisha, yaani nikipanda dhidi ya upepo. Umekatikia pale pale unapotokea chini ya boti. Ulikuwa wa plaiwudi ya milimita 24, urefu sentimita 120 na upana 25, na kwa miezi kadhaa ulikuwa ukikwama hadi niusukume kwa fimbo. Uwazi wa kisanduku ni milimita 30. Fundi anataka kunichongea mwingine wa mvule, kipande kimoja. Nikubali?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mvule ni mti mzuri, lakini hicho kipande kimoja mkatalie fundi kwa upole. Mbao pana ikilowa na kukauka hujipinda, na ikijipinda milimita 3 tu itaanza kusugua kisanduku. Plaiwudi nayo ina kasoro nyingine: karibu nusu ya tabaka zake nyuzi zimelala kukingama, na hizo hazisaidii kitu ubao unapopindwa. Mzigo mkubwa kuliko wote uko pale ubao unapotoka kwenye kisanduku, ndiyo maana wako ulikatikia hapo.

Pasua vipande 6 vya mkangazi mkavu usio na vifundo, kila kimoja upana milimita 45, unene 30 na urefu sentimita 125. Nyuzi zote zifuate urefu. Tazama miviringo ya umri kwenye vichwa vya vipande: kimoja kiielekeze juu, kinachofuata chini, hivyo hivyo hadi mwisho, ili kila kimoja kizuie mpindo wa jirani yake. Gundisha kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya dawa mbili, iliyotiwa unga wa kuifanya nzito. Usibane kwa nguvu nyingi. Gundi yote ikiminywa nje, kiungo kinabaki kikavu. Kesho yake piga randa hadi milimita 24. Vitambaa vya faibaglasi utakavyouvika mwishoni vitaongeza kama milimita 1, na nafasi ya milimita 2.5 itakayobaki kila upande inatosha.

Sehemu inayobaki ndani ya kisanduku iache bapa. Iliyo majini ndiyo ya kuchonga, na hapa usikisie kwa macho. Tengeneza kigezo cha plaiwudi nyembamba. Ukipima kutoka ukingo wa mbele, unene wote ukishamaliza vitambaa uwe hivi: milimita 19.5 ukifika milimita 25. 25 kamili ukifika 75. 22 ukifika 125. 15 ukifika 175. 11 ukifika 200. Na 6 ukifika 225. Ukingo wa mbele uwe mviringo kama ncha ya yai, usiwe kisu. Ukiwa mkali, maji yanaachana na ubao mara boti inapokosea pembe kidogo, na boti inateleza kwenda demani.

Mti utaelea, kwa hiyo utahitaji uzito wa madini ya risasi. Karibu na ncha, kwenye mstari ulio mnene, toboa matundu mawili ya kipenyo cha sentimita 8. Yeyusha risasi nje penye upepo, uimimine kwenye kopo la chuma lililokauka kabisa, maana tone moja la maji linairusha usoni. Kipande cha unene wa milimita 21 kina uzito wa karibu kilo 1.2. Kikipoa kigundishe kwa epoksi nzito.

Sasa tundu la bolti, ile ambayo ubao huizunguka unapoteremka, ambalo ndilo lililokuletea ule ugonjwa wa kukwama. Tundu lililotobolewa kwenye mti mtupu hunywa maji kila siku, ubao unavimba kutoka ndani hata kama nje una rangi nzuri. Kwa bolti ya milimita 12, toboa kwanza milimita 25, jaza epoksi nzito, iache ikauke, kisha toboa 12.5 katikati yake. Bolti haitagusa mti tena.

Vika tabaka mbili za kitambaa cha faibaglasi cha gramu 200 kwa mita ya mraba, na ongeza utepe mmoja kwenye ukingo wa mbele na ncha, panapogonga mchanga na matumbawe. Tumia epoksi, si ile rezini ya polista inayouzwa kila mahali: haishiki mti vizuri, na kitambaa kitabanduka. Kwa joto la pwani changanya gramu 200 tu kwa mara moja, asubuhi mapema, uzimwage kwenye sinia pana. Zikikaa kwenye kopo zitachemka na kuganda mkononi. Malizia kwa rangi, kwani jua linaila epoksi.

Kabla ya kurudisha ubao, pitisha kipande cha mbao chenye msasa ndani ya kisanduku. Chembe moja ya matumbawe inatosha kukwamisha ubao mpya.

SWALI: Ubao wangu unavuma na kutetemeka boti ikishika kasi. Una nini?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Tazama ukingo wa nyuma. Ukiwa mviringo, maji yanaachia upande huu na ule kwa zamu, na ubao unatikisika. Ukate wima kwa tupa bapa, pembe zibaki kali, unene milimita 2. Mtetemo ukiendelea, ubao unacheza ndani ya kisanduku. Bandika vipande vyembamba vya plastiki ngumu pande zote mbili za sehemu ile bapa.