Kozi sita na zamu nne za jioni: hesabu niliyochelewa kuipiga

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba muhula huu umejiandikisha kozi sita zenye jumla ya krediti 18, mbili kati yake zikiwa na maabara, na kwamba umepata kazi ya zamu nne za jioni za saa 5 kila moja. Unataka kujua kama uache kazi au upunguze kozi. Nilipitia hali inayokaribiana sana na hiyo nilipokuwa mwaka wa pili wa uhandisi mitambo, nikifungasha mizigo ghalani kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku. Kabla sijakupa maoni yangu naomba tupige hesabu kwanza, kwa sababu mimi sikuipiga mpaka nilipokuwa nimekwisha kuumia.

Wiki ina saa 168. Katika vyuo vinavyofuata mfumo wa krediti wa Marekani, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 1 darasani na angalau saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa hiyo krediti zako 18 ni saa 54. (Ikiwa chuo chako kinafuata mfumo wa Ulaya wa ECTS, krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30 kwa jumla, na itakubidi ugawe kwa idadi ya wiki za muhula.) Usingizi wa saa 7 na nusu kila usiku unachukua saa 52 na nusu. Halafu inakuja kazi, na hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya, kwa kuwa tunaandika saa 20 zinazolipwa na kusahau zile zisizolipwa. Mimi nilitumia dakika 40 kwenda na dakika 40 kurudi, kisha nikifika chumbani nilihitaji kuoga, kula na kukaa kimya kwa muda kabla akili haijakubali kulala. Kila zamu ya saa 5 ilikuwa inakula saa 7 na nusu za siku yangu, na zamu nne zikawa saa 30.

Jumlisha 54, 52 na nusu, na 30, nawe unabakiwa na saa 31 na nusu kwa wiki, yaani saa 4 na nusu kwa siku. Karatasini zinaonekana kutosha kula, kufua nguo na kuzungumza na watu wako, lakini haziji kwa pamoja. Zinakuja vipande vipande: dakika 35 kati ya mhadhara na basi, robo saa ukisubiri mlango wa maabara ufunguliwe, nusu saa usiku ambapo macho yako wazi na kichwa kimekwisha kufunga. Huwezi kuandika ripoti ya maabara kwa vipande vya namna hiyo, ndiyo maana mwanafunzi aliye katika hali yetu huiandika baada ya zamu.

Hapo ndipo mimi nilipoangukia. Ilikuwa ripoti ya jaribio la boila, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, nikaianza karibu saa 7 usiku, na nilitakiwa kusoma entalpi, yaani kiasi cha nishati iliyomo ndani ya kila kilo ya maji au mvuke, katika jedwali la mvuke. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi jedwali hilo lina safu ya maji, takriban kilojuli 419 kwa kilo, na safu ya mvuke, takriban 2676. Nilihitaji ya mvuke, nikachukua ya maji, nikaendelea nayo kurasa nne, nikachora hadi grafu kwa rula, na sikushtuka kwamba ufanisi wa boila ulikuwa umetoka mdogo mno hata usingeweza kuwa wa kweli. Somo lenyewe nilikuwa nalifahamu. Mchana ningeliona kosa hilo mara moja. Mwalimu alizungushia wino ile 419 na kuandika pembeni, «Umeisoma kweli?» Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimeisoma, ila niliisoma saa ambayo haikuwa ya kusoma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuchagua kati ya kazi na kozi, jaribu kwanza kubadilisha mpangilio wa zamu. Mimi niliomba kuhamishiwa Jumamosi na Jumapili, saa 8 kila siku. Malipo yalishuka kutoka saa 20 hadi 16, na hilo lilinibana, lakini saa za pembeni zilipungua kutoka 10 hadi 5, kwa sababu nilikuwa ninasafiri mara mbili tu. Kazi ikawa inachukua saa 21 badala ya 30, na muhimu zaidi, jioni nne zikarudi zikiwa nzima. Msimamizi alikataa mara ya kwanza. Alikubali nilipompelekea maandishi pamoja na tarehe zangu zote za mitihani, na baada ya mwenzangu mmoja mwenye watoto wadogo kusema kwamba yeye angefurahi kuzipata zile jioni na kuniachia wikendi. Nenda na ombi la namna hiyo mapema, kabla ratiba ya mwezi haijapangwa, na ukiweza mtafute kwanza mtu wa kubadilishana naye.

Vile vipande vifupi vya muda navyo vina kazi yake. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea ndani ya saa chache za mwanzo. Nilianza kutumia dakika 20 mara baada ya mhadhara kuandika upya kanuni na hatua zake daftari likiwa limefungwa, kisha kulifungua na kusahihisha. Jambo hilo liliniokolea saa nyingi za kuanza upya kabla ya mitihani.

Ikiwa zamu hazibadiliki, basi ningepunguza kozi moja kuliko kuzibeba zote sita na kufeli mbili, lakini usiiache kwa kukisia. Angalia tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila kuandikiwa alama. Angalia kama kozi hiyo ndiyo inayofungua nyingine ya mwaka ujao, na kama mkopo au ufadhili wako una masharti ya idadi ya krediti. Kwa mwanafunzi wa kigeni jambo hili ni zito zaidi: Marekani, mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, anayesoma shahada ya kwanza kwa kawaida hutakiwa kubaki na angalau krediti 12, na kazi ya chuoni wakati wa masomo haipaswi kuzidi saa 20 kwa wiki.

Kwa kuwa una maabara mbili, ningeanza na jambo moja wiki hii hii: andika siku za maabara na siku za kukabidhi ripoti, kisha uweke zamu zako juu yake uone ni usiku upi zinagongana. Ukikuta zinagongana zaidi ya mara moja kwa wiki, onana na mshauri wako wa masomo kabla ya ile tarehe ya kuacha kozi, hata kama msimamizi wa kazi bado hajakujibu.