Kabla hujanunua bodi ya mashine ya kufulia, jaza maji kwa ndoo

Mkuu, umesema mashine yako ya kufungulia juu ya kilo 8 ina mwaka na nusu, siku hizi maji yanaingia kwa kudondoka, ikisubiri wee inapiga mlio na kuandika herufi za kwamba maji hayaingii, na fundi amekutajia laki na themanini ya bodi, ile sakiti inayoiongoza mashine. Shika hela yako kwanza. Nina mashine ya aina hiyo mwaka wa saba sasa huku Kigamboni, imenisumbua kwa kila namna isipokuwa bodi, na hilo lako ndilo lililonikuta wiki ile ile niliyoinunua.

Hizo herufi hazisemi kitu kimeungua. Kwenye LG huwa IE, kwenye Samsung 4C (za zamani 4E), na maana yake ni moja: nimefungua koki yangu, nimesubiri dakika nilizopangiwa, maji hayajafika kiwango. Sasa fikiria mwenyewe. Maji yanaingia, hata kama ni kwa kudondoka, kwa hiyo bodi inapeleka umeme kwenye valvu (ile koki ya umeme inayoingiza maji) na valvu inafunguka. Hiyo bodi iliyokufa imekufa vipi?

Fanya hivi leo jioni. Weka nguo chache, chagua mwenyewe kiwango cha maji cha chini, usiiachie ipime, bonyeza ianze, halafu mimina maji kwa ndoo kutoka juu. Maji yakifika kiwango itaanza kuzungusha bila kuambiwa. Mashine za mlango wa mbele hazikupi nafasi hiyo. Hizi zetu unamimina tu kama sufuria. Ikifua, ikamwaga, ikasuuza (hapo utamimina tena) na ikakamua hadi mwisho, basi mota ni nzima, sensa ya maji ni nzima na bodi ni nzima. Shida yako iko kati ya tenki na mgongo wa mashine.

Hapo kati pana sehemu mbili za kuangalia. Ya kwanza ni kichujio. Funga koki ya ukutani, chomoa plagi, fungua mpira wa maji pale unapoingia nyuma ya mashine. Ndani ya mdomo utaona kichujio kidogo cha plastiki chenye matundu. Kishike taratibu kwa koleo, kinatoka. Cha kwangu kilikuwa kimeziba kwa mchanga wa tenki na vinyuzi vya ule utepe mweupe ambao mafundi bomba wanazungushia kwenye nati. Nikakisugua kwa mswaki wa zamani, dakika tano, maji yakarudi. Tangu hapo nakisafisha kila baada ya miezi mitatu, na nikiosha tenki nakisafisha siku hiyo hiyo, kwa sababu tope lote la chini huwa limetibuliwa.

Ya pili ni kimo cha tenki, na hapa ndipo wengi tunaumia bila kujua. Angalia kibandiko cha nyuma au kitabu chake, tafuta panapoandikwa MPa, hicho ni kipimo cha presha ya maji. Nyingi zinataka angalau 0.03 au 0.05. Kwa lugha ya nyumbani, 0.05 ni maji yaliyo juu ya valvu kwa mita 5 hivi, na 0.03 ni mita 3. Unapima kutoka usawa wa maji ndani ya tenki mpaka pale mpira unapoingia, si mpaka sakafuni. Tenki langu lilikuwa juu ya stendi ya mita 2. Valvu iko karibu mita 1 kutoka chini. Tenki likijaa napata mita 2 na ushee, likibaki nusu napata moja na nusu. Ndiyo maana asubuhi baada ya kupandisha maji mashine ilikuwa inafua vizuri, jioni inalia. Mimi nikawa nasema mashine ina mashetani ya jioni.

Nilinunua pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayowaka yenyewe maji yakianza kutembea, nikaifunga kwenye bomba la mashine na bafu. Lakini kabla ya pampu nilijaza kwa ndoo karibu mwaka mzima. Yangu ikijaa inakula ndoo tatu za lita 20, na kusuuza tatu nyingine. Mama mkwe alikuwa anapita, anasimama mlangoni, anauliza, "Sasa hii mashine inafua, au wewe ndiye unayeifulia?" Mpaka leo kola za shule anazisugua kwanza kwa mkono kabla hajaziingiza, na niseme ukweli, kola hizo zinatakata kuliko zangu.

Umeuliza pia juujuu kwamba wakati mwingine haimwagi maji. Huo mpira wa maji machafu umeuweka wapi? Mashine nyingi za aina yetu hazina pampu ya kusukuma maji juu. Zinafungua kizibo chini na maji yanajiendea. Ukiuinua mpira ukauning'iniza kwenye sinki, maji hayapandi. Fundi aliyekuja kunifungia aliupeleka kwenye sinki ili sakafu isilowe, akaondoka zake. Mzunguko wa kwanza maji yakagoma kutoka. Ushushe mpira ulale chini uelekee kwenye tundu la sakafu, na ncha yake isizame ndani ya maji. Kama yako ina pampu kitabu kitasema, na hapo ndipo unaruhusiwa kuupandisha.

Jambo jingine la hapo hapo: kile kimota kinachovuta kizibo, kwenye nyingi ndicho pia kinachobadilisha gia kutoka kufua kwenda kukamua. Kikifa unapata matatizo mawili kwa mpigo, haimwagi na haikamui, na fundi mvivu atakwambia bodi. Changu hakikufa chenyewe, kiliuawa na panya. Chini ya mashine hizi mara nyingi pako wazi, pana giza, pana joto kidogo. Niliilaza ubavu nikakuta pamba za soksi, maganda ya karanga, na waya mbili zimetafunwa mpaka shaba inaonekana. Kuunga waya na kuweka kimota kingine kuligharimu kiasi ambacho hakifiki hata robo ya bodi yako. Baadaye nikakata wavu wa chuma wa madirishani nikaufunga kwa chini, nikaacha nafasi ya hewa.

Ikiwa siku moja itaunguruma lakini haizunguki, na ni ya mota ya kawaida yenye mkanda, mshuku kapasita kwanza. Ni kidubwasha cha bei ndogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Ila usimruhusu mtu yeyote aiguse kwa sababu tu mashine imechomolewa. Kapasita hubaki na umeme, na shoti yake si ya mchezo. Muite fundi mwenye mita, umuone akiipima mbele yako. Zile za inverta ambazo mota imekaa moja kwa moja chini ya pipa ni habari nyingine, hizo sizigusi.

Ikikwaruza au kugonga wakati wa kufua, fungua kile kisahani cha chini kinachozunguka. Parafujo ni moja tu katikati. Kukinyanyua ndiyo kazi, kwa sababu kimenata. Mimi nilipitisha kamba mbili za viatu kwenye matundu yake, nikavuta huku na huku kama natoa mfuniko wa chungu. Chini yake nilikuta sarafu mbili za mia, waya wa sidiria, pini ya ushungi, vifungo vinne vya shati la mume wangu ambavyo nilikuwa nimeshamlaumu fundi cherehani, na uji mweusi unaonuka kama maji ya mtaro. Sidiria zinaingia kwenye mfuko wa neti sasa, hakuna mjadala.

Huo uji mweusi ndio unaoacha vipande kama majani ya chai kwenye mashuka meupe. Huku Pwani unatengenezwa na vitu viwili, chumvi ya kisima na sabuni yetu. Maji yetu yana chumvi, sabuni haitoi povu, tunaongeza. Haitoi povu, tunaongeza tena. Ile sabuni haijapotea, imeganda nyuma ya pipa mahali usipopaona. Ukija kupata maji baridi ya mvua, povu linafurika mpaka kwenye mfuniko. Nilivyozoea mimi: sabuni ya mashine, vijiko viwili vya chakula kwa pipa lililojaa nusu, na naiyeyusha kwanza kwenye kopo. Mvua zikinyesha nakinga maji ya bati kwa ajili ya nguo nyeupe. Mara moja kwa mwezi najaza pipa tupu hadi juu, kikombe kimoja cha dawa ya madoa ya klorini, naiacha izunguke dakika kumi, naizima, saa nzima inakaa, kisha inamwaga na kusuuza mara mbili. Usije ukachanganya dawa hiyo na siki wala ndimu. Hewa inayotoka hapo ni sumu, na chumba cha kufulia huwa kidogo.

Chumvi hiyo hiyo inakula chuma. Ganda la chini la yangu limeanza kutoboka upande ulio karibu na bomba, nimepiga rangi mara mbili, najua siku yake inakuja. Ukimaliza kufua acha mfuniko wazi pakauke, na kama unaweza iweke juu ya vigae, si kwenye sakafu inayolowa kila siku.

Kuhusu kutikisika, wala sitasema sana: zungusha miguu mpaka mashine isicheze ukiisukuma kwenye kona zote nne. Na usikamue blanketi moja peke yake, linajikusanya upande mmoja. Ukishasawazisha na bado pipa linagonga kuta, fimbo zake nne za springi zimechoka, na zinabadilishwa zote nne kwa pamoja.

Umeme usikutishe, hizi zisizochemsha maji zinakula kidogo, mzunguko mmoja haufiki hata nusu yuniti kwenye LUKU. Kinachonitisha ni waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme unaovuja ardhini badala ya kupita mwilini mwako. Yangu ilikuja na plagi ya pini mbili, nikaichomeka kwenye adapta, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nahisi vijidudu vinatembea kwenye vidole nikigusa ganda lenye maji. Nilifikiri ni baridi. Mwite fundi umeme aweke plagi ya pini tatu na ahakikishe soketi yenyewe ina ardhi, usisubiri mpaka mtoto aiguse akiwa pekupeku.

Basi jaribu kwanza ile ya ndoo, halafu safisha kichujio, halafu chukua futi upime kutoka usawa wa maji mpaka kwenye valvu. Ikiwa kichujio ni safi, kimo kinatosha na bado inadondosha, kilichobaki ni valvu yenyewe. Yangu niliinunua Kariakoo kwa elfu ishirini na tano, nikaenda na ya zamani mkononi ili midomo ilingane, kwa sababu kuna za mdomo mmoja na za midomo miwili na muuzaji atakupa yoyote. Tuletee vipimo hapa, na useme tenki lilikuwa limejaa au limebaki nusu.