Kwa mnaoanza kibarua cha nyasi kwenye uwanja wa gofu wa Tornio

Ndugu zangu, kabla ya yote, habari ya saa. Uwanja huu umekaa juu ya mpaka: mashimo mengine (yaani vipande vya kuchezea, kila kimoja na tundu lake mwishoni) yako Ufini, mengine Haparanda, Uswidi, na Ufini iko mbele kwa saa moja. Shimo la sita mchezaji anapiga akiwa Uswidi, mpira unatua Ufini, kwa hiyo ukifuata saa za ukutani umekaa hewani saa nzima. Watalii wanalipenda sana hilo. Wewe uliza siku ya kwanza ratiba inafuata saa za upande gani, halafu izuie simu yako isijibadilishe saa yenyewe, maana mtandao nao unaruka mpaka. Saa ya mkononi ya bei poa ni bora zaidi.

Kucheza si lazima ujue. Jua grini, ile nyasi fupi mno iliyozunguka shimo. Mchanga, mapipa na majani ya msituni utayazoea ndani ya wiki.

Mwezi wa tano, na tena msimu unapoelekea mwisho, kuna asubuhi utakuta umande umeganda, grini nyeupe pe. Usikanyage! Maji yaliyo ndani ya jani yamekuwa barafu, ukiliwekea uzito linavunjika. Wakati huo huoni kitu. Baadaye nyayo zinajitokeza, rangi ya kahawia, na kila mtu anajua unavaa kiatu namba ngapi. Subiri jua liyeyushe. Mchezaji akikufokea kwamba amechelewa, mwelekeze kwa msimamizi. Usimruhusu kwa huruma.

Kuhamisha shimo, yaani lile tundu la kwenye grini, ndiko kutakakoonyesha kama una mkono. Shimo lina upana wa milimita 108, na linahamishwa ili nyasi iliyokanyagwa ipumzike. Lile donge la udongo na nyasi ulilolitoa kwenye shimo jipya unakwenda kuzibia la zamani. Likibaki juu kidogo tu, mashine inalinyoa na kuacha duara kavu. Likizama, mpira unayumba. Piga magoti, pitisha kiganja, ongeza au punguza udongo chini yake, kisha mwagilia. Wengi humaliza kwa kulikanyaga tu na soli, na mimi naona huo ni uvivu.

Dawa za kuua magugu na ukungu usiziguse bila cheti, hata ukiambiwa ni dakika mbili. Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai mafunzo.

Mbu, jamani! Msitu na mto viko hapo hapo. Nunua kofia yenye chandarua na shati la mikono mirefu kabla ya mwezi wa sita. Nunua na pazia zito, kwa sababu kipindi hicho usiku hauingii giza, watu wanacheza hadi usiku wa manane, na wewe alfajiri unatakiwa kazini.

Theluji ikianguka, kibarua kimeisha. Habari za kazi ya majira ya baridi ziulize mwezi wa nane, wakati msimamizi bado anakuhitaji.