Sista Anajibu: Mioyo mia mbili, aliyepimwa hakuna

SWALI: Sista, mtoto wangu wa miaka sita ana selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Tarehe 19 Juni, siku ya ugonjwa huo duniani, niliweka picha yake Facebook na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Nilipata mioyo zaidi ya mia mbili na "pole mama" nyingi. Mmoja akasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, mwingine akatuma namba ya muuza dawa za miti. Hakuna aliyeuliza kipimo kinapatikana wapi. Niache?
Mama wa Manyatta, Kisumu

JIBU: Usiache, mama. Nimefanya kazi wodi ya watoto huku ziwani miaka mingi. Nimebeba mtoto wa miezi minane, viganja vimevimba kama maandazi, hataki kuguswa hata na leso. Najua unachokipigania.

Waliotuma mioyo wameona uchungu wako, wakajibu uchungu. Hukuwaambia wafanye nini. Mwaka 2014 watu walijimwagia maji ya barafu kwa ajili ya ugonjwa wa ALS, unaoua neva na kudhoofisha misuli. Kila mmoja alitakiwa kumwaga au kuchanga, kisha awataje wenzake kwa majina. Chama cha ugonjwa huo Marekani kilikusanya dola milioni 115. Nawe omba jambo moja: anayetarajia kuzaa apime damu kujua kama amebeba selimundu, yeye na mwenzake. Andika maabara iko wapi na bei yake.

Huyo wa chira mjibu mara moja tu, kwa ujumbe wa sauti, kwa Dholuo, bila hasira. Mwambie mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, hukingwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana damu hii imejaa kandokando ya ziwa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa SS, aliyerithi kwa wote wawili na ndiye anayeugua. Wote wawili, mama! Nimeona wanawake wakifukuzwa kwa jambo ambalo baba naye amelibeba, na akina baba wamo humo kundini, kimya.

Muuza miti, mwombe admini amtoe leo. Kuna watoto wanaoachishwa dawa zao za selimundu, foliki na haidroksiurea, kwa sababu ya namba kama hiyo.

Picha ya mtoto iondoe. Kesho atakuwa darasani na wenzake wanaijua.

Kisha siku ya kliniki yake, tangaza kundini saa unayotoka, anayetaka kupima mfuatane. Wakija wawili, pandeni tuktuk moja.