Kozi ya saba imetoka nje

Muheza, Alhamisi usiku

Mwanangu,

Marahaba. Ile sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza baba yako alikuwa pembeni anamenya chungwa, nikaikata ulipoanza kulia. Mara ya pili niliisikilizia jikoni, mlango nimeufunga. Kukujibu kwa simu siwezi. Nyumba yetu unaijua, neno likisemwa chumbani linasikika uani. Ndiyo maana nimechukua daftari.

Nimeelewa hivi. Wewe na mkwe wangu mmeamua kujenga wenyewe jiko la nje na stoo, kwa sababu fundi aliwatajia hela ambayo ingetosha kupiga plasta nyumba nzima. Msingi mkachimbiwa na vibarua, jamvi, lile zege la sakafu, mkamwaga wenyewe, vizuri tu. Jumapili mkaanza ukuta wa nyuma, wewe unakoroga, yeye anajenga. Magharibi inaingia, kozi saba, mistari saba ya matofali, zimekwenda, mkapiga na picha. Jumatatu asubuhi umetoka na kikombe cha chai ukauona umetoka nje. Mkapima: inchi moja na nusu. Yeye anasema plasta itaficha, wewe unasema tubomoe, na tangu siku hiyo mnatumiana salamu kupitia mtoto. Swali lako likawa: mimi na Baba tulijengaje miaka yote ile bila kugombana?

Nianze na ukuta, maana ukuta ndio rahisi.

Bomoeni. Plasta ya kawaida ina unene wa sentimita moja na nusu hivi. Inchi moja na nusu ni karibu sentimita nne. Ukitaka kuificha itabidi plasta iwe nene juu na nyembamba chini, na plasta nene namna hiyo ukiipiga kwa mkupuo mmoja inashuka yenyewe ikiwa bado mbichi. Ikigoma kushuka, itakuja kudondoka vipande siku mmeshapaka rangi. Na hata ikikaa, ukuta bado unaegemea nje, na juu yake mnataka kuweka paa.

Lakini msibomoe wote. Funga timazi, kile chuma cha kuning'inia kwenye uzi, ining'inize kutoka kozi ya juu, halafu shuka nayo kozi moja moja ukitazama uzi. Pale mwanya kati ya uzi na ukuta unapoacha kuongezeka ndipo pa kuishia. Naamini kozi tatu za chini ziko sawa. Zinazobaki ni nne, na kwa ukuta wa mita nne hayo ni matofali kama 35, mchana mmoja wa kazi. Mota, ule udongo wa saruji na mchanga unaoshika matofali, ya siku chache bado changa. Weka kipande cha mbao juu ya tofali, gonga kwa nyundo taratibu, litaachia. Likwangue kwa mwiko, lilowanishe, lirudishe kazini. Matofali mawili matatu yatavunjika, hayo ni ya kujazia sakafu.

Sasa sikiliza, maana hapa sidhani kama mmoja wenu amepaona. Huo ukuta sidhani kama umepinda kwa sababu mkwe wangu hajui. Umepinda kwa sababu mna Jumapili moja tu kwa wiki. Kozi saba kwa siku! Tofali moja la inchi sita, lile la kujaa, lina zaidi ya kilo 25. Yapange saba, moja juu ya jingine, juu ya mota ambayo haijashika, ile ya chini inabanwa na kusogea upande wowote inaopenda. Unaweza kuwa umepima kila tofali likakubali saa nane, na saa kumi na mbili limeshahama. Kozi tano kwa siku, basi. Zikibaki saa mbili za jua, mwagilieni, mkae. Anzeni na kona, mzinyanyue kwa timazi, halafu kamba kutoka kona hadi kona kwa kila kozi, si kwa kozi ya kwanza peke yake. Na pima maji mliyonunua, ijaribu kwanza: iweke juu ya meza, tazama povu limekaa wapi, igeuze upande wa pili. Povu lisipokaa pale pale, pima maji hiyo ni ya kuchezea mtoto.

Kona mmezipima? Ukipima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande mwingine, kutoka ncha hadi ncha lazima upate 100. Usipopata, chumba chenu kimekaa kama sambusa. Baba yako alijifunza hiyo akiwa mwanafunzi, akaja kuifundisha darasani miaka ishirini, na siku ya kuchora msingi wetu aliisahau. Ndiyo sababu kitanda chako hakikuwahi kuenea vizuri kwenye ile pembe.

Haya. Swali lako.

Ni kweli hatukugombana. Wewe ulikuwa mdogo, hukuona sababu. Nitakueleza, na baada ya hapo utaamua kama bado unataka tuwe mfano wenu.

Mwaka 1997 nyumba kubwa ilikuwa imeshaezekwa, fundi ameshalipwa na hela imeisha. Bafu na jiko la uani tukasema tunajenga wenyewe. Matofali tulifyatua kwa kalibu ya kuazima, jioni jioni, baada ya kazi. Mchanga ulikuwa wa mto, tulinunua toroli kwa toroli. (Wa baharini hatukuugusa. Kuna mtu aliwahi kuleta mchanga wa ufukweni kutoka Tanga mjini, mzuri, mweupe kama chumvi, na kweli ulikuwa na chumvi. Nondo zake zilioza ndani ya lenta, ile boriti ya zege juu ya mlango, mpaka zege likapasuka. Kama yupo anayewauzia mchanga kwa bei ya ajabu, weka kidogo kwenye ulimi.)

Mimi nilikuwa mkorogaji, kama wewe. Ndoo moja ya saruji, ndoo sita za mchanga. Unageuza kikavu kwanza, mara tatu, mpaka rangi iwe moja hakuna mistari, ndipo unachimba kisima katikati unatia maji. Watu wanadhani fundi ni yule mwenye mwiko. Mwenye mwiko anapanga tu. Ukuta unajengwa kwenye karai, na mtu wa karai ni mimi na wewe.

Jumamosi moja nilikoroga nyingi asubuhi, kwa pupa, ili nisirudie mara mbili. Saa nne wakaja kuniita, jirani kajifungulia nyumbani. Sikukawia kwenda, kazi yangu ilikuwa hiyo. Mota nikaifunika kwa gunia. Baba yako akaendelea na ile iliyokuwa tayari kwenye karai lake, ikamwishia, akaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa imepita saa saba. Nikafunua gunia, lundo limeshaanza kuwa gumu, beleshi linagonga. Saruji ile tuliinunua kwa mkopo, mwanangu. Kuitupa roho iliniuma. Nikaimwagia ndoo ya maji, nikaigeuza, ikalainika, ikawa inapendeza hata kuliko ya asubuhi. Nikampelekea. Akajenga nayo ukuta mzima wa nyuma wa bafu.

Saruji ikishaanza kushika haishiki mara ya pili. Maji yanairudishia ulaini, hayairudishii nguvu. Itumie ndani ya saa moja na nusu, mbili kwa kuzidi, na kwenye jua la huko kwenu Kibaha fanya moja. Hilo nililijua. Sikulijua kama fundi, nililijua kama mtu aliyewasikia mafundi wakilisema.

Mwaka huo ndio ulikuwa wa El Niño. Vuli ilianza ikakataa kuisha, ikaunga hadi 1998, barabara zikakatika, unakumbuka tulivyokaa bila mafuta ya taa. Usiku mmoja wa Novemba tukasikia kitu kama lori limemwaga kokoto. Ukuta wa nyuma wa bafu ulikuwa umelala kwenye migomba, wote, kama mkeka. Kuta tatu nyingine zimesimama.

Asubuhi nilitoka kabla ya baba yako. Niliokota bonge la mota kwenye kifusi nikalibana kwa vidole viwili. Likawa unga. Nikalitupa, nikachota kifusi kwa karai nikaanza kukipeleka kwenye migomba kabla hajaamka kukikagua.

Alipokuja alisimama hapo na kanzu yake ya kulalia na mwavuli. Akasema, "Mkono wangu. Mimi si mtu wa kujenga." Nikanyamaza. Ningeweza kusema ni mvua, na kweli maji ya paa yalikuwa yakishukia pale pale kwenye msingi, nayo yana sehemu yake. Sikusema hata hilo. Majirani walikuja kutoa pole na kutania, mwalimu umejenga mlango mkubwa. Akacheka nao. Lakini tangu siku ile hakushika mwiko tena. Ile timazi aliyopewa na babu yako akaitundika kwenye msumari stoo. Banda la kuku, fundi. Kufunga bawaba, fundi. Miaka yote umemwona baba yako akikaa kwenye kiti anatazama fundi anapiga msumari, na wewe ukadhani hapendi kazi za mikono. Alizipenda sana.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, hatukugombana. Alijilaumu peke yake nami nikamwacha ajilaumu.

Sasa nikuulize wewe. Umesema siku ile jua lilikuwa kali na mota ikawa inakauka haraka. Maji ulipima, au ulikuwa unaongeza kila ikikauka? Mota ikiwa kama uji, tofali linateleza juu yake kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, na anayejenga analaumiwa kwa kupinda. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Sikuwepo. Ila kama kuna ndoo ambayo uliitia na unaijua, itaje kabla hujataja inchi moja na nusu ya mwenzio. Wanaume wa kwetu ukuta ukipinda wanaona wamepinda wao. Baba yako alikuwa hivyo, na huyo wako, kwa nilivyomwona siku ile ya mahari anavyonyoosha kola, ni huyo huyo.

Mengine haraka haraka. Lenta msiikisie: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, nondo nne za milimita 12 zilizofungwa ringi, na juu ya mlango iingie kila upande angalau sentimita 20. Mirunda, zile nguzo za kuishikilia chini yake, iacheni wiki mbili, hata mkiwa na haraka ya kuhamia. Mwagilieni asubuhi na jioni siku saba, funikeni kwa magunia mabichi. Kenchi, zile mbao za kubeba paa, tafuteni fundi, mtu akidondoka kutoka juu hakuna mlichookoa. Umeme vilevile, na awe mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji. Mkwe wangu asianze kutoboa kuta na kuunga nyaya kwa kutazama video. Kabla ya yote hayo, mmekwenda kuuliza habari ya kibali, au mmenyamaza mkidhani jiko halionekani? Anzieni kwa mtendaji wa mtaa, atawaelekeza. Na vaa glovu. Nimeuona mkono wako kwenye ile picha, saruji imeshaanza kuula. Osha kwa maji mengi, paka mafuta ya nazi usiku.

Nawatumia mzigo. Kuna mpira wa maji, ule mweupe unaoonyesha, mita 10. Ni bora kuliko pima maji yoyote kwa kuhamisha kimo kutoka kona moja hadi nyingine, mradi mtoe mapovu yote ndani yake kwanza. Ni kazi ya watu wawili, huwezi kuifanya peke yako: mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, na lazima muambiane, panda kidogo, shuka kidogo, hapo hapo.

Ipo na timazi ya babu yako. Nilipoitoa kwenye msumari baba yako aliuliza inakwenda wapi, nikamwambia Kibaha. Akaichukua, akaifuta kutu kwa majivu na kipande cha gunia, akakaa nayo muda. Halafu akaniuliza, "Wamekwenda kozi ngapi?" Nikamwambia saba kwa siku moja. Akatikisa kichwa, akasema, "Mota yao ilikuwa mbichi." Ni mara ya kwanza tangu 1997 nimemsikia akitaja mota.

Sijamwambia bado. Sasa hivi yuko barazani, redio imeisha na hajaingia kulala. Nikimaliza mstari huu naenda kukaa naye.

Mzigo utapanda basi la asubuhi. Nitamwambia konda auteremshe Maili Moja, usiende kuufuata stendi ya Mbezi. Ni karai lililofunikwa kwa kiroba cha bluu, barua iko chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki. Uzi wa timazi nimeununua mpya, ule wa zamani uliliwa na panya.

Mama yako